Nimesomea masaji, mama anasema ni kazi ya aibu

Shikamoo Anti,

Mimi ni binti wa miaka 21, naishi Uyole, Mbeya, na mama yangu na wadogo zangu wawili. Nilipomaliza kidato cha nne matokeo hayakunibeba, mama mdogo akanichukua Dar es Salaam nikasomea urembo miezi sita kwenye chuo kimoja cha mtaani: masaji, fesho, skrabu, waksi, pedikyua na menikyua. Baada ya hapo nilifanya kazi kwenye spa mwaka na kidogo. Mshahara ulikuwa unakuja nusunusu, na mama alipougua mgongo mwanzoni mwa mwaka huu nikafunga begi nikarudi. Sasa anatembea vizuri, ila Dar sirudi. Nataka nijiajiri hapahapa.

Anti, kazi naijua. Hata kule wateja walikuwa wakifika wanauliza, "Yule mtoto wa Mbeya yupo?" Lakini tangu nirudi nimekwama sehemu tatu.

Ya kwanza ni mama. Ni mzee wa kanisa, yuko kwaya, anaheshimika mtaani. Nilipomwambia nataka kufungua masaji aliweka ungo chini akaniuliza, "Kwa hiyo utakuwa unashikashika wanaume wa watu upewe hela?" Tangu siku hiyo tunasalimiana tu.

Ya pili ni hao wanaume wenyewe. Niliweka tangazo Instagram na kwenye status ya WhatsApp, nikaandika "Masaji ya mwili mzima, nakufuata ulipo" na namba yangu. Walionipigia karibu wote walikuwa wanaume. Mmoja anauliza huduma yangu inaishia wapi, mwingine ananielekeza gesti na namba ya chumba, mwingine akanitumia nauli kabla hata sijamjibu. Nimerudisha ile nauli, tangazo nimelifuta, na laini nimebadilisha.

Ya tatu ni hela. Nina akiba ya Sh 850,000. Nimeona fremu nzuri Mwanjelwa, Sh 120,000 kwa mwezi, lakini mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo. Rafiki yangu ananishauri nikope kwenye simu nijazie. Halafu kuna kaka mmoja ana duka la vipuri Kabwe, ana miaka arobaini na kitu, ameoa. Amesema atanilipia kila kitu, fremu, kitanda, mpaka televisheni ya wateja, nitamrudishia taratibu. Hajanitongoza waziwazi, ila ananipigia saa nne usiku kuniuliza kama nimekula.

Nichukue ile fremu? Nikubali hela ya huyo kaka? Au niachane na masaji nikajifunze kusuka kama wenzangu?

Binti wa Uyole

*

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole ya mgongo.

Nianze na huyo wa vipuri, maana ndiye mwenye haraka kuliko wote humo kwenye barua yako. Mume wa mtu anayempigia binti wa miaka 21 saa nne usiku kumuuliza kama amekula hajaja kuwekeza kwenye pedikyua. Hajakutongoza kwa sababu kwa sasa hana haja, anasubiri kwanza uwe na deni. Mkataba wa fremu utaandikwa jina lake, ufunguo wa pili atakaa nao yeye, na siku utakayomwambia hapana ndiyo siku atakayokumbuka kwamba kitanda ni chake. Halafu hiyo "taratibu" yake inanitia wasiwasi kuliko hata hizo simu. Mkopo una kiasi, una tarehe, una mwisho. Deni lisilo na tarehe halilipiki, kila ukitoa utaambiwa bado.

Kama unaona namsingizia, mjaribu. Mwambie unashukuru, na ungependa muandikishane: anakupa kiasi gani, unarejesha kiasi gani kila mwezi, na mashahidi wawe mke wake na mama yako, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Nadhani zile simu za usiku zitakoma wiki hiyohiyo. Ukitaka kumkataa bila ugomvi, mwandikie mchana, tena kwa ufupi: "Kaka, nashukuru kwa moyo wako. Nimekubaliana na mama nianze kidogokidogo kwa hela yangu. Lile jambo naomba tuliache." Akianza maswali usiyajibu. Kila jibu analipokea kama nafasi ya kuongea tena.

Mikopo ya kwenye simu siizungumzii kwa kirefu, wenyewe mnaiita kausha damu na jina linatosha.

Fremu nayo, kwa sasa, hapana. Toa 720,000 kwenye 850,000, unabaki na 130,000. Kwa hiyo 130,000 ununue kitanda cha masaji, mashuka, taulo, mafuta, ulipe luku na kibao cha mlangoni? Utajikuta na chumba kitupu chenye neno "masaji" mlangoni, na watakaogonga ni walewale waliokuelekeza gesti. Ndiyo maana mimi sioni matatizo matatu kwenye barua yako, naona moja. Umetangaza huduma ambayo usiyemtaka anaielewa vibaya haraka sana, na unayemtaka, yule mwanamke mwenye mgongo unaouma, anaona haya hata kuiulizia. Mama yako amekuwa mkali kwa sababu hiyohiyo, na wewe unawaza fremu kwa sababu hiyohiyo, ukidhani chumba kitakupa heshima. Heshima ya kazi hii inaletwa na watu wanaoonekana wakihudumiwa na wewe. Kwa hiyo anza na huduma ambayo hakuna wa kuionea haya.

Anza na miguu.

Wewe ni mtoto wa Uyole, sina haja ya kukufundisha magaga. Kuanzia mwezi wa sita, baridi na vumbi vikishakutana, visigino vya watu wa Mbeya vinapasuka mpaka usiku vinakwaruza shuka. Walimu wanayo, manesi wanayo, wauza viazi na ndizi wanayo, na dada wa benki anayevua viatu chini ya meza anayo kuwazidi wote, maana anayaficha ndani ya viatu vya kufunika. Na hakuna mume wala mchungaji atakayehoji kwa nini mwanamke ameoshwa miguu.

Sasa wafuate wanawake mahali walipokaa tayari. Mtu anayesukwa rasta anakaa kwenye kiti kwa muda wa saa nne, wakati mwingine tano, kichwa kiko kwa msusi na miguu haina kazi. Tafuta saluni mbili tu, moja upande wa Forest au Soweto wanakosukwa watu wa maofisini, nyingine hapo Uyole jirani na nyumbani. Mwombe mwenye saluni kona ya kuweka beseni na stuli. Asikutoze kodi, mgawane kwa kila mteja. Tuseme miguu unafanya kwa Sh 8,000. Mpe robo, yaani 2,000. Chumvi, sabuni, krimu na vya kutupa weka 1,000. Unabaki na 5,000. Wateja watatu kwa siku ni 15,000 kabla ya nauli na chakula, na hujalipa mtu kodi ya miezi sita. Siku mteja hakuna, hudaiwi. Hayo makubaliano yaandikeni hata kwenye karatasi ya daftari, msaini wote wawili, kwa sababu mwenye saluni akiona watu wanakuja kwa ajili yako robo itataka kuwa nusu.

Vifaa vyake ni mabeseni mawili, chupa mbili kubwa za chai za kubebea maji ya moto (usitegemee hita ya saluni, umeme ukikatika mteja ameshaloweka), jiwe la kusugulia, brashi ya kucha, mafuta, glavu, koti jeupe la kazi, na taulo ndogo dazani moja. Taulo kanunue za mtumba Mwanjelwa, wahi asubuhi wanapofungua belo. Chagua za rangi moja. Nasema dazani kwa sababu mvua zikishaanza mwezi wa kumi na moja taulo hapa Mbeya inaweza kukaa kambani siku mbili bado ina unyevu, na taulo yenye harufu ya uvundo inamfukuza mteja kimyakimya. Hatakuambia, hatarudi tu.

Kazi yenyewe unaijua, lakini vumilia niseme mambo machache, maana kule ulikuwa na msimamizi na hapa uko peke yako. Gaga halikatwi na wembe. Loweka, sugua, paka, mwambie mteja alale na soksi, arudi baada ya wiki mbili. Muulize kila mtu kama ana kisukari kabla hajaingiza mguu kwenye maji. Mwenye kisukari anaweza asisikie joto, ukamuunguza huku anakuhadithia habari za kikoba, na kidonda kidogo cha mguuni kwake ni safari ya hospitali. Huyo usimloweke wala usimsugue kwa nguvu. Mfute, mpake mafuta, na ukiona kidonda mwambie aende kliniki. Wembe wa kutindia nyusi ni mmoja kwa mtu mmoja, ukimaliza unatupwa akiona. Homa ya ini inaambukiza kwa damu ndogo kuliko unayoweza kuiona. Vifaa vya chuma vioshe kwanza kwa sabuni, kisha vichemshe. Ukivilaza kwenye jiki vitapata kutu.

Mabega ndiyo hatua ya pili. Anayesukwa huwezi kumgusa mabega, msusi atakufukuza. Lakini yupo anayesubiri zamu yake, na amekuja na uchovu wa wiki nzima. Mkande shingo na mabega robo saa, amekaa kwenye kiti, nguo zake mwilini, watu wote wanaona. Hii ni masaji kamili, tena kwa mji wenye baridi kama wetu ni masaji yenye akili kuliko ya kumvua mtu nguo asubuhi ya mwezi wa saba. Wapo watakaokuomba ya mgongo mzima. Hao ndio wateja wako wa kitandani, na watakuwa wamekutafuta wenyewe, wameshaijua mikono yako.

Hao wa kitandani, mwanzoni wafuate majumbani kwao, ila kwa masharti. Kwanza, mtu awe umemhudumia saluni au ameletwa na uliyemhudumia. Nauli ya kwenda na kurudi ni ya mteja, itajwe kabla hujatoka nyumbani. Tafuta dereva wa bajaji mmoja unayemwamini, asiondoke mpaka umemwona mama mwenye nyumba kwa macho yako. Ukikuta mlango umefunguliwa na baba peke yake, anakuambia mke wake anaoga, rudi na bajaji ileile. Usione aibu, wala usikae kumsubiri mke sebuleni.

Wanaume, kwa mwaka wa kwanza, usiwapokee kabisa. Nasikia mtu akisema, Anti, dereva wa lori aliyeshika usukani kutoka Dar mpaka Tunduma, zaidi ya kilomita 900, mgongo haumuumi? Unamuuma sana, na anastahili kukandwa vizuri. Akandwe na kijana wa kiume. Kama kuna kaka mliyesoma naye mkabidhi kazi hiyo, mkubaliane akutumie wake wa wateja wake. Wewe jina lako bado ni jipya, na jina jipya linachafuka kwa mteja mmoja tu aliyetoka kwako akacheka vibaya kijiweni. Ukishajulikana, ukiwa na sehemu ya wazi na mtu wa mapokezi, utaamua mwenyewe.

Kwa hiyo tangazo liandike upya. "Huduma ya miguu, mikono na mabega kwa akina mama. Napatikana saluni ya mahali fulani, kwa miadi." Toa "mwili mzima". Toa "nakufuata ulipo". Toa picha yako umependeza, weka kisigino kabla na kisigino baada. Hata kisigino muulize mwenyewe kwanza, kwani tangu 2022 nchi ina sheria ya kulinda taarifa binafsi, na Mbeya watu wanatambuana mpaka kwa vikuku vya miguuni. Anayeuliza huduma inaishia wapi mjibu mara moja, "Ni kwa akina mama tu," kisha mzuie. Usimtukane. Matusi yako atayapiga picha ayasambaze.

Nije kwa mama. Usimkasirikie. Amesikia anayoyasikia kuhusu nyumba zenye kibao cha masaji, na mengine si uongo. Umemwambia "nataka kufungua masaji" akaona picha yake kichwani, si yako. Kumhubiria hakutasaidia. Jioni moja chemsha maji, tia chumvi, mwambie, "Mama, lete miguu." Ifanye kama ulivyokuwa unamfanyia mteja wa kule Dar aliyelipa hela nyingi. Usitaje biashara siku hiyo. Siku nyingine, kama hospitalini walimwambia mgongo wake ni misuli tu, mkande mabega. Baada ya hapo ndipo umuulize ni nani kwenye kwaya ana miguu mibaya. Mama akishakuwa na la kujibu kanisani ("binti yangu anahudumia miguu ya akina mama pale saluni"), mtashangaa wote wawili ni wangapi walikuwa wanaona haya kuuliza. Unaweza pia kumkumbusha, kwa upole, kwamba bibi zetu walikanda wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, kwa maji ya moto, wakashika watu tumbo na mgongo, na waliheshimiwa kwa kazi hiyo.

Na kwa sababu utaombwa kukanda wazazi, shika hili: aliyejifungua kwa upasuaji usimkande tumbo, mwachie daktari wake. Na mtu yeyote, hasa aliyejifungua karibuni, aliyetoka safari ndefu au aliyelala sana kitandani, ambaye mguu mmoja umevimba, una joto na unauma, usiuguse. Inaweza kuwa damu imeganda ndani, na ukiukanda lile donge likabanduka likafika kwenye mapafu, anaweza kufa. Mwenye homa, mwenye upele usioujua, mwenye presha iliyopanda, wote waahirishe. Usiandike popote kwamba unatibu presha, kiharusi au ngiri. Anayedai kutibu anaingia kwenye mambo ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya 2002, na wewe hukusomea tiba. Aliyepooza mwelekeze kitengo cha fiziotherapia hospitalini.

Baridi yetu ina hesabu zake. Dar ulizoea kumimina mafuta ya nazi moja kwa moja kutoka kwenye chupa. Hapa yatakugandia, kwa sababu joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi yanaanza kuwa mazito, na asubuhi za Uyole mwezi wa saba ziko mbali sana na hapo. Tumia alizeti iliyosafishwa isiyo na harufu, haigandi na bei yake unaiweza. Mafuta ya parachichi ni mazuri pia, na Rungwe na Njombe kwa walimaji hakuko mbali, ila yaweke kwa wateja wa bei ya juu. Chupa ya mafuta ikae ndani ya bakuli la maji ya moto muda wote. Mteja wa kitandani mfunike blanketi, funua sehemu unayoikanda tu, na miguuni muwekee chupa ya mpira ya maji ya moto. Jiko la mkaa usiliingize chumbani mkafunga madirisha, hata kama majumbani tunaona wanafanya hivyo. Hewa yake mbaya haina rangi wala harufu, inaua watu usingizini, na mteja wako atakuwa amelala kifudifudi hajitambui kwa raha.

Kitu kingine utakachokutana nacho saluni wiki ya kwanza ni mkorogo. Baridi inachoma mashavu, ngozi inakuwa kavu na yenye mabaka, na mteja atakuuliza kama huna krimu ya kung'arisha. Hela yake inaonekana rahisi. Kataa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 ukaguzi wa vipodozi uko TBS, shirika la viwango. Mbali na sheria, ngozi iliyochubuliwa haistahimili skrabu wala waksi, na ikiharibika litatajwa jina lako, wala si la aliyeichanganya ile krimu. Muuzie mafuta ya kawaida na ushauri wa kujifunika kitambaa akipanda bodaboda asubuhi.

Makaratasi usiyaogope, wala usiyakimbilie yote kwa siku moja. Ukiwa na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, TIN (namba ya mlipakodi) unapewa TRA, mamlaka ya mapato, bila malipo. Mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi Sh 4,000,000 kwa mwaka hatozwi kodi ya mapato, na hiyo ni kama Sh 11,000 kwa siku, mauzo yote, siyo faida. Kwa hesabu ya wateja watatu niliyokupa utaivuka, kwa hiyo daftari lianze siku ya kwanza: tarehe, huduma, hela iliyoingia, hela iliyotoka. Lina faida ya moja kwa moja. Kwa viwango ambavyo TRA imekuwa ikitumia, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 asiye na kumbukumbu analipa 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Aliyeuza milioni 6 akiwa na daftari analipa 60,000. Uliza kiwango cha mwaka husika ukiwa palepale dirishani. Jina la biashara utaliandikisha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukishajua linalokufaa, leseni ya halmashauri inafuata ukiwa na sehemu yako.

Kuhusu cheti chako, angalia kama chuo kilikuwa kimesajiliwa. Kama hakikusajiliwa usilie, VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi nje ya mfumo na kuurasimisha ujuzi wake. Nenda ukaulize VETA Mbeya kama fani yako imo na lini wanapima. Na ukifika wakati wa kukopa, mkopo pekee ambao sitakugombeza ni ule wa halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, nne za wanawake, nne za vijana, mbili za watu wenye ulemavu. Hauna riba. Unatolewa kwa vikundi, kwa hiyo wasusi mtakaofanya kazi pamoja wawe na maana kwako zaidi ya kupiga soga. Afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaeleza mnavyosajiliwa. Kabla ya hapo chunguzaneni, kwa sababu mwenzako asiporejesha, kikundi kizima kinadaiwa.

Kusuka, umeuliza. Jifunze ukipenda, ukiwa hapo saluni utajifunza hata bila ada. Ila usikimbie kazi unayoijua kwa sababu ya wanaume wa kwenye simu.

Kwenye 850,000 zako tumia kama 200,000 kwa vifaa. Nyingine 150,000 weka ya nauli na chakula cha miezi miwili ya mwanzo, maana wateja hawaji siku ya kwanza. Iliyobaki iweke mahali ambapo kuitoa kuna usumbufu, na huyo rafiki wa mikopo asijue ipo. Fremu utaifikiria pale daftari litakapoonyesha wateja wa kitandani wanaorudi kila mwezi wanatosha kulipa kodi bila kugusa hela ya miguu. Ukienda kuiangalia, nenda asubuhi ya baridi, siyo mchana wa jua. Angalia maji yanatoka bombani au yanabebwa kwa ndoo, choo kiko wapi, ukuta una unyevunyevu au la, na usiku nani yuko jirani. Mwenye nyumba mwambie unalipa miezi mitatu. Fremu ikiwa imekaa tupu muda mrefu atakubali. Jirani akiwa baa, endelea kutafuta.